Dalili, Deni na Usukaji Upya: Uhakiki wa Istilahi za Uchambuzi wa Msimbo kwa Mashine

Utangulizi

Kiswahili hakikungoja kompyuta ndipo kianze kutafuta majina ya mambo mageni. Katika karne ya 19, njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, ambako leo ni Tabora, na kuendelea hadi Ujiji, ilikuwa pia njia ya maneno. Wapagazi na wafanyabiashara walikifikisha Kiswahili bara kabla ya shule na kabla ya kamusi. Lugha za bara nazo zilitoa sehemu yake. Neno ikulu, ambalo kwa Wanyamwezi na Wasukuma lilikuwa makao ya mtemi, leo ni jina la makao ya Rais wa nchi. Tunaanza na jambo hili kwa sababu katika makala hii tutairejea Tabora kila tutakapohitaji mizani ya kupimia maneno.

Makusudio yetu ni kuhakiki istilahi zinazotumika kueleza kazi moja mahsusi, yaani kutumia programu maalumu kusoma msimbo wa programu nyingine ili kubaini sehemu zinazostahili kupangwa upya. Zamani jambo hili lilikuwa la wataalamu wachache. Leo malipo ya Serikali, kumbukumbu za watumishi na takwimu za zahanati hupita katika programu. Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya mwaka 2019, iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao yenye jukumu la kusimamia mifumo ya taasisi za umma. Wizara ya Afya hutumia mfumo wa takwimu uitwao DHIS2, ulioasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Mifumo ya namna hii huishi miaka mingi na hupita katika mikono ya waandishi wengi. Inapotathminiwa, taarifa ya tathmini hufika mezani kwa ofisa ambaye hakusomea kompyuta, naye huelewa kile tu ambacho mtafsiri amemwezesha kukielewa. Tafsiri ikipotoka, uamuzi nao utapotoka.

Nchi yetu ina sababu ya kulijali jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini. Katazo hilo limekwisha zamani, lakini linatukumbusha kwamba chombo ambacho wenye mamlaka hawawezi kukisoma wala kukihoji hatimaye huonekana mzigo, hata kama kina manufaa. Istilahi njema ni mojawapo ya njia za kukihoji.

Kazi yenyewe

Haiwezekani kuhakiki neno bila kukijua kitu. Wako waundaji wa istilahi wanaopokea orodha ya maneno ya Kiingereza na kuijaza safu ya pili kama mtu anayejaza fomu, pasipo kuuliza kila neno linafanya kazi gani. Dosari nyingi tutakazozitaja hapa zimetokana na mwenendo huo. Kwa hiyo tueleze kazi kwanza.

Msimbo ni maandishi. Mwandishi wa programu huandika maagizo kwa lugha yenye sarufi kali, na maagizo hayo hugeuzwa kuwa hatua za mashine. Maandishi hayo yanaweza kutenda kazi sawasawa huku ndani yakiwa yamevurugika: agizo moja limenakiliwa mahali kumi, sehemu moja imerefuka hadi mistari elfu, masharti yamefungwa ndani ya masharti mengine, na vipande ambavyo havitumiki tena vimeachwa vilivyo. Mtumiaji wa mfumo haoni chochote. Anayeona ni mwandishi ajaye, ambaye akitaka kubadili kiwango kimoja cha malipo hulazimika kukitafuta mahali kumi, na akisahau pamoja hesabu huharibika.

Mashine ya uchambuzi huanza kazi yake kama mwalimu wa sarufi. Walimu wa sekondari hufundisha uchanganuzi wa sentensi kwa mchoro wa matawi. Sentensi hugawanywa katika kundi nomino na kundi tenzi, kisha kila kundi hugawanywa hadi kulifikia neno moja moja. Mashine huufanyia msimbo jambo hilohilo. Ikiisha kuupata mti, hupima: huhesabu matawi, hulinganisha matawi yanayofanana, hutafuta jina lililotajwa bila kutumika, na huonyesha tawi ambalo haliwezi kufikiwa kamwe. Mwishoni hutoa orodha ya maonyo, kila onyo na mahali pake.

Kazi hii si changa. Mwaka 1976 Thomas McCabe alichapisha kipimo cha utata wa programu. Mwaka 1978, katika maabara za Bell huko Marekani, Stephen Johnson aliandika programu ya kukagua msimbo wa lugha ya C, akaiita lint. Mwaka 1992 William Opdyke alitetea tasnifu juu ya kuupanga upya msimbo bila kubadili matendo yake, na mwaka huohuo Ward Cunningham akatoa mfano wa deni, ambao tutaujadili. Mwaka 1999 Martin Fowler alitoa kitabu kilichoieneza kazi hiyo duniani. Kwa hiyo Kiswahili kinapokea istilahi zilizokwisha kukomaa, zenye historia na ubishi wake.

Msimbo au kodi?

Vijana wengi husema kodi. Hatuna chuki na maneno ya mkopo, maana kompyuta, programu na intaneti yamekwisha kupata uraia. Ila neno kodi limekwisha kukaliwa. Lina maana ya malipo kwa Serikali na malipo kwa mwenye nyumba. Sentensi kama "mfumo wa halmashauri una kodi nyingi zisizotumika" itampeleka mweka hazina mahali pasipotakiwa. Neno msimbo halina mgongano huo, linaingia katika ngeli bila taabu (msimbo, misimbo), na limekwisha kutumika katika machapisho ya kompyuta, ikiwa ni pamoja na msimbo chanzo. Wanaolikataa husema kwamba halisikiki mitaani. Hoja hiyo haitoshi, kwa kuwa hata tovuti na barua pepe hayakusikika mitaani mpaka yalipotumiwa kwa uthabiti na vyombo vya habari. Tunashikilia msimbo.

Uchanganuzi, uchambuzi na pamba ya Igunga

Maneno uchanganuzi na uchambuzi hutumiwa kana kwamba ni pacha. Katika taaluma hii yafaa kuyatenganisha. Hatua ya kwanza, ile ya kuugawa msimbo kwa mujibu wa sarufi yake na kuuchora mti, iitwe uchanganuzi, kama walimu wanavyoliita jambo lilelile katika Kiswahili. Hatua ya pili, ya kupima na kutenga kinachofaa na kisichofaa, iitwe uchambuzi.

Neno kuchambua lina shahidi wake mkoani Tabora. Igunga ni wilaya ya pamba, na mkulima wa huko anajua kwamba kiwanda cha kuchambua pamba hutenga mbegu na nyuzi. Kuchambua ni kutenga kwa kusudi la kutumia, na ndivyo mashine hii inavyofanya.

Shahidi huyohuyo anatuonya juu ya kosa jingine. Jina la programu ya Johnson, lint, kwa Kiingereza lina maana ya vijinyuzi vinavyoganda kwenye nguo, yaani uchafu mdogo wa kupanguswa. Lakini katika biashara ya pamba neno hilohilo la Kiingereza lina maana ya pamba nyuzi, bidhaa yenyewe inayouzwa. Mtafsiri akifungua kamusi ya biashara na kuandika kwamba programu fulani "huondoa pamba nyuzi kwenye msimbo", msomaji wa Igunga atadhani kwamba mali imetupwa na takataka zimebaki. Ushauri wetu ni kuliacha jina la programu kama lilivyo, kwa kuwa ni jina la pekee, na kuiita aina nzima ya programu hizo vichambuzi vya msimbo. Nomino ya chombo yenye kiambishi ki- tumekwisha kuizoea katika kivinjari na kihariri.

Kwa uchambuzi unaofanywa bila kuiendesha programu, neno uchambuzi tuli linatosha. Sifa tuli imekwisha kufanya kazi ya aina hii katika umemetuli wa vitabu vya fizikia. Kinyume chake kielezwe kwa urefu: uchambuzi wakati wa uendeshaji. Si lazima kila dhana iwe na neno moja.

Njia panda

Kipimo cha McCabe kimetafsiriwa hapa na pale kuwa "uchangamano wa mzunguko". Mtafsiri ameyatazama maneno ya Kiingereza, ambayo asili yake ni nadharia ya grafu katika hisabati, akayavika mavazi ya Kiswahili. Msomaji huelewa kwamba msimbo unazunguka, jambo ambalo silo.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Hesabu mahali ambapo programu hulazimika kuchagua kati ya njia mbili, kisha ongeza moja. Reli yetu inaweza kuwa kielelezo. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Tabora hadi Mwanza likakamilika mwaka 1928. Baadaye tawi la Mpanda liliongezwa kutoka Kaliua. Msafiri aliyeondoka Itigi kuelekea magharibi hukuta njia panda mbili: Tabora, ambako ya Mwanza huachana na ya Kigoma, na Kaliua, ambako ya Mpanda huachana na ya Kigoma. Njia panda ni 2, na mwisho wa safari waweza kuwa mahali 3: Mwanza, Kigoma au Mpanda. Yaani 2 na 1 ni 3. Mwanafunzi aliyeuelewa mfano huu amekielewa kipimo.

Kwa hiyo tunapendekeza hesabu ya njia panda. McCabe mwenyewe alipendekeza kikomo cha 10 kwa kila sehemu ya programu. Mtafsiri aangalie asikigeuze kikomo hicho kuwa sheria. Sehemu yenye njia panda 12 haikuvunja sheria. Inaomba tu kutazamwa, kwa sababu anayetaka kuijaribu atahitaji majaribio mengi, na anayetaka kuielewa atahitaji kukumbuka mengi kwa wakati mmoja.

Harufu au dalili?

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Katika kitabu cha Fowler, kwa msaada wa Kent Beck, sifa za nje zinazoashiria matatizo ya ndani ziliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya harufu. Watafsiri wamelichukua kama lilivyo: "harufu za msimbo".

Tuna pingamizi mbili. Kwanza, harufu katika Kiswahili haina upande. Karafuu ina harufu, na pilau ina harufu. Kwa Kiingereza neno lile, likisimama peke yake, huelekea upande wa kunuka. Letu halifanyi hivyo. Pili, na ndilo kubwa, lugha ya magazeti yetu imekwisha kuipa harufu kazi nyingine: harufu ya rushwa, harufu ya ufisadi. Tuseme mkaguzi wa ndani wa halmashauri amepokea taarifa isemayo kwamba mfumo wa mapato una harufu 340. Hatafikiri juu ya maagizo yaliyonakiliwa. Atafikiri juu ya fedha, na kijana aliyeuandika mfumo huo ataitwa ajieleze kwa jambo ambalo si kosa wala si wizi. Tafsiri ya neno moja yaweza kumchafulia mtumishi jina.

Tunapendekeza dalili. Mganga hutazama dalili, naye hajui bado kama ni malaria au uchovu. Dalili humwambia apime. Ndiyo hasa maana ya dhana hii: jambo linaloonekana juu ambalo mara nyingi, lakini si mara zote, lina tatizo chini yake. Tukubali kwamba kwa badiliko hili tunapoteza ladha, kwa kuwa harufu lilichaguliwa makusudi ili kuonyesha kwamba mwandishi mzoefu huhisi kabla ya kuthibitisha. Lakini taarifa ya ofisi inahitaji usahihi kuliko ladha. Anayeandika insha na abaki na harufu. Anayeandika taarifa ya tathmini aandike dalili.

Dalili zenyewe zipewe majina ya wazi: unakili (agizo lilelile mahali pengi), urefu uliopita kiasi, masharti yaliyotatana, msimbo usiofikiwa, na sehemu yenye majukumu mengi. Majina haya mwalimu aweza kuyafundisha ubaoni bila kamusi.

Onyo hewa

Mashine huonya pia pasipo tatizo. Baadhi ya watafsiri huliita onyo la namna hiyo "chanya ya uongo" au "chanya bandia". Wataalamu wa maabara huenda wamezoea, lakini kwa msomaji wa kawaida chanya ni jambo jema, na chanya ya uongo ni kitendawili.

Lugha yetu ya utumishi wa umma ilikwisha kutupatia neno. Tangu uhakiki wa watumishi wa mwaka 2016, hakuna Mtanzania asiyejua watumishi hewa ni nini: jina lipo kwenye orodha, mtu hayupo. Hali kadhalika onyo hewa: onyo lipo kwenye orodha, tatizo halipo. Ni fupi, linaeleweka, na linazaa (maonyo hewa, dalili hewa). Yuko atakayesema kwamba hewa hubeba tuhuma ya udanganyifu, na mashine haina nia. Ni kweli, lakini uongo hubeba tuhuma hiyo zaidi. Kwa hali ya kinyume, yaani tatizo lililopo ambalo mashine haikuliona, tunapendekeza dosari iliyopita, kama mzigo uliopita forodhani bila kukaguliwa.

Deni au kiporo?

Cunningham alieleza kwamba msimbo ulioandikwa haraka ni kama mkopo: unakuwezesha kuanza kazi mapema, lakini kila siku unayochelewa kuupanga vizuri unalipa riba kwa njia ya kazi ya ziada. Tafsiri iliyoenea ni deni la kiufundi. Vichambuzi vya siku hizi huthubutu hata kulikadiria deni hilo kwa saa au siku za kazi.

Tatizo ni kwamba katika ofisi za umma deni ni neno la vitabu vya hesabu: deni la Taifa, madeni ya watumishi, madeni ya wazabuni. Taarifa ikisema kwamba mfumo una deni la siku 90, mhasibu atauliza ni la nani na limepitishwa na nani. Wapo waliopendekeza kiporo. Pendekezo hilo linavutia, maana kiporo kikikaa huchacha, na hivyo kinabeba hoja ya kuharibika kwa kuchelewa. Lakini Serikali imekwisha kukitumia katika miradi viporo, yaani miradi ambayo haijakamilika. Msimbo wenye deni haukosi kukamilika; umekamilika na unafanya kazi, ila unatunzwa kwa gharama kubwa. Kuuita kiporo ni kumdanganya mpanga bajeti.

Tunapendekeza deni la kazi. Neno kazi laonyesha kwamba kinachodaiwa si fedha bali jasho la waandishi, na neno deni labakiza hoja ya riba, ambayo ndiyo roho ya mfano wa Cunningham. Sifa ya kiufundi haikumwambia msomaji chochote.

Kusuka upya

Tumefika kwenye neno lililo kiini cha makala. Tendo lenyewe ni kubadili mpangilio wa ndani wa msimbo pasipo kubadili matendo yake ya nje, kwa hatua ndogondogo, na baada ya kila hatua kuhakikisha kwamba kila kitu kingali kikifanya kazi. Tumekutana na majina haya: kurifakta, marekebisho, uboreshaji, ukarabati, usanifu upya.

Kurifakta ni mkopo usiomwambia chochote asiyejua Kiingereza, na lugha yetu haijaishiwa hata ikope hapa. Marekebisho ni neno la sheria, na sheria ikirekebishwa hubadilika matokeo yake. Hapa matokeo hayabadiliki. Uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura huongeza na kuondoa majina, yaani hubadili yaliyomo. Ukarabati hudai kwamba kitu kimeharibika, na katika bajeti ni kifungu cha majengo na barabara. Usanifu upya ni kuanza tena kwenye karatasi tupu, jambo ambalo tendo hili linataka hasa kuliepuka.

Turejee Unyanyembe. Misafara iliyotoka pwani ilipofika huko mara nyingi ilivunjika na kuundwa upya. Wapagazi wengi walimaliza mkataba wao, wengine wakaajiriwa kwa safari ya mbele. Ilibidi mizigo ya vitambaa, shanga na nyaya igawiwe upya kwa mabega mengine. Mali iliyotakiwa kufika Ujiji ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni namna ilivyofungwa na nani alibeba nini. Mkuu wa msafara mwenye busara alihesabu mizigo kabla na baada. Hatuwezi kupata kielelezo kizuri kuliko hiki cha kumfundishia mwanafunzi: ndani kumepangwa upya, nje hakukupungua kitu, na hesabu ya kabla na baada ndiyo majaribio ambayo bila hayo tendo lote ni bahati nasibu.

Tungeweza basi kusema ufungaji upya. Lakini kufunga kuna maana nyingi mno, ikiwemo kufunga duka na kufunga mtambo. Tunachagua usukaji upya. Kichwa hufumuliwa na kusukwa upya. Nywele ni zilezile, mwenye kichwa ni yuleyule, ila mpangilio umebadilika. Msusi hafumui kichwa kizima kwa mkono mmoja, bali huenda fungu kwa fungu. Isitoshe, usemi wa kusuka upya idara au timu umekwisha kuzoeleka katika habari. Kitenzi kinanyambulika bila kikwazo: kusuka upya, kusukwa upya, msimbo unaosukika. Na ile kazi iliyotuleta hapa sasa yaweza kutajwa kwa sentensi moja ya Kiswahili: kutumia kichambuzi kubaini msimbo unaostahili kusukwa upya.

Mipaka ya mashine

Uhakiki wa maneno haukamiliki bila kusema neno juu ya imani inayoambatana nayo. Taarifa iliyotolewa na mashine huja na tarakimu, na tarakimu hutisha. Msomaji akumbuke mambo matatu.

Kwanza, mashine haitaijua programu yote. Mwaka 1953 mwanahisabati Henry Gordon Rice alithibitisha kwamba hakuna utaratibu mmoja wa kimashine unaoweza kujibu sawasawa, kwa kila programu, maswali ya maana juu ya jinsi itakavyotenda. Kwa hiyo maonyo hewa na dosari zilizopita hazitaisha hata vichambuzi vikiboreshwa. Hata programu za akili unde, ambazo sasa nazo hupendekeza namna ya kusuka upya, zinahitaji kupimwa kwa majaribio yaleyale.

Pili, wingi wa dalili si sawa na uharaka wa kazi. Barabara mbovu isiyopitwa na gari haimzuii mtu. Vivyo hivyo sehemu ya msimbo iliyotatana, lakini ambayo haijaguswa kwa miaka kumi na inafanya kazi, yaweza kuachwa. Inayostahili kusukwa kwanza ni ile iliyotatana na ambayo waandishi huigusa kila wiki. Taarifa njema hulinganisha dalili na kumbukumbu za mabadiliko. Taarifa inayotoa jumla tu haijamsaidia mwamuzi.

Tatu, kipimo kikifanywa shabaha hupoteza ukweli wake, jambo ambalo mchumi Charles Goodhart alilitaja mwaka 1975 alipozungumzia sera ya fedha. Mwandishi akiambiwa kwamba atapimwa kwa hesabu ya njia panda, ataikatakata sehemu moja kuwa sehemu ishirini zisizo na maana, na hesabu itapendeza huku msomaji akizidi kupotea.

Hitimisho

Tumependekeza msimbo, uchanganuzi na uchambuzi kila kimoja kwa kazi yake, kichambuzi, uchambuzi tuli, hesabu ya njia panda, dalili, onyo hewa, dosari iliyopita, deni la kazi na usukaji upya. Hatudai kwamba yote yatadumu. Istilahi huamuliwa na watumiaji, na kazi yetu ni kuziweka mezani zikiwa na sababu zake.

Kwa watafsiri, ombi letu ni kwamba kabla ya kuandika neno wajiulize nani atalisoma na atatenda nini baada ya kulisoma. Kwa walimu, hasa wa vyuo vinavyowaandaa watumishi na watunza kumbukumbu, Chuo cha Utumishi wa Umma tawi la Tabora kikiwa mojawapo, tunaomba istilahi hizi zijaribiwe darasani, na zile zitakazowashinda wanafunzi zirudishwe kwetu pamoja na maelezo. Kwa watumishi wa Serikali, tunaomba taarifa ya tathmini ya mfumo isipokelewe kama hukumu. Iulizwe: katika dalili hizi, hewa ni ngapi? Sehemu zipi huguswa kila siku? Je, majaribio yapo ya kuhakikisha kwamba baada ya kusuka upya mali yote itafika Ujiji? Ofisa anayeweza kuuliza maswali hayo kwa Kiswahili, na kujibiwa kwa Kiswahili, hatakuwa na sababu ya kuiogopa mashine wala kuiabudu.